Usiku Mmoja kwenye Nguzo: Kwa Nini Betri za Karavani Haziamki Zimejaa

Kwenye karatasi hesabu ni nyepesi. Karavani nyingi nchini Marekani hubeba betri mbili za volti 6, zile zinazoendesha vigari vya viwanja vya gofu, zilizofungwa kwa mfuatano ili zitoe volti 12 na akiba ya ampea-saa 225 hivi. Wenyewe wakizitumia hadi nusu, wamekula umeme usiofika uniti moja na nusu. Nguzo fupi ya umeme inayosimama pembeni ya kiwanja cha kambi, kwa soketi yake ya ampea 30, ina uwezo wa kutoa kilowati 3.6. Hata ukijumlisha umeme unaopotea njiani kwa joto, kilichotumika kingerudishwa kwa dakika kama 35.

Haiwi hivyo. Familia inafika kambini saa kumi jioni, inachomeka kebo, inapika, inalala, na saa nne asubuhi inapochomoa plagi ili iendelee na safari, betri bado hazijajaa. Kijipaneli cha ukutani chenye taa nne kinasema zimejaa. Siku mbili baadaye, msituni, feni ya hita inaanza kuzunguka kwa unyonge alfajiri, na watoto wanaamka kwa baridi.

Saa zote hizo zinapotelea wapi? Wengi hulaumu nguzo na kutafuta kambi yenye soketi kubwa zaidi. Wengine hununua betri mpya. Lakini ukifuata njia nzima ya umeme, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye pleti za betri, utakuta kwamba nguzo karibu kila mara ina umeme wa kutosha na kubaki. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: volti inayofika kwenye vichwa vya betri, na muda ambao betri yenyewe inaudai.

Safari za leo na nguzo za jana

Wally Byam, aliyeanzisha kampuni ya Airstream mwaka 1931, alikuwa na ndoto ya karavani isiyohitaji kuungwa na kitu chochote cha nje. Mwaka 1957 kampuni yake ilitoa toleo la International, lililotangazwa kuwa karavani ya kwanza inayojitegemea: taa, maji ya moto na choo, vyote ndani. Miaka miwili baadaye Byam aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town kuelekea Cairo, safari ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa na mahali pa kuchomeka plagi.

Upande wa pili ulikuja haraka. Mwaka 1962 Dave Drum alifungua uwanja wa kambi huko Billings, Montana, kando ya mto Yellowstone, akiwalenga wasafiri waliokuwa wakielekea kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle. Uwanja ule ndio uliozaa KOA, mtandao mkubwa wa kambi za kulipia wenye nguzo za umeme na mabomba ya maji kila kiwanja.

Msafiri wa leo anaishi katikati ya desturi hizo mbili. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone ni kambi moja tu, Fishing Bridge, yenye nguzo za umeme. Yosemite haina hata kiwanja kimoja chenye umeme. Katika ukingo wa kusini wa Grand Canyon, kambi ya Mather haina nguzo, ilhali jirani yake, Trailer Village, inazo. Kwa hiyo mzunguko wa kawaida ni siku tatu au nne za kutegemea betri, kisha usiku mmoja wa kulipia ili kujaza maji, kumwaga machafu na kuchaji. Usiku huo mmoja ukishindwa kazi yake, siku zinazofuata zinaanza na upungufu, na upungufu huo unajilimbikiza safari nzima.

Nguzo inatoa nini hasa

Nguzo ya kambi ya Marekani huwa na soketi za aina tatu. Ya ampea 20 ni ya volti 120, inayofanana na ya nyumbani. Ya ampea 30 nayo ni ya volti 120, na ndiyo inayotoa zile kilowati 3.6. Ya ampea 50 ina nyaya mbili za laivu, kila moja ikibeba volti 120 na ampea 50, hivyo jumla yake ni kilowati 12. Wenye karavani wengi wanaamini kwamba soketi ya ampea 50 huchaji betri haraka kuliko ya 30. Imani hiyo inatokana na kuchanganya ampea za pande mbili zisizolingana.

Ampea moja ya volti 120 hubeba nguvu sawa na ampea kumi za volti 12. Konveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa nguzo kuwa wa betri, ikiwa ni ya ampea 55, haitoi zaidi ya wati 800 upande wa betri. Ili itoe hizo, inachukua kwenye nguzo ampea 8 tu. Hata chaja kubwa ya ampea 100 inahitaji ampea kama 14 kutoka kwenye nguzo. Zote mbili zinatosha ndani ya soketi ya ampea 30, na iliyobaki ni ya matumizi mengine. Ile ya ampea 50 inasaidia kuwasha viyoyozi viwili kwa pamoja. Betri haipati hata ampea moja ya ziada.

Ulaya inathibitisha hoja hii. Kambi nyingi za Ufaransa hutoa ampea 6 au 10 pekee, kwa volti 230. Ampea 6 ni wati 1,380, chini ya nusu ya soketi ya 30 ya Marekani, na bado zinatosha kuendesha chaja ya kawaida usiku kucha. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeegesha karavani kwenye ua wa ndugu yake na kuchomeka soketi ya kawaida ya nyumba, ya ampea 15. Akizima hita ya maji na kiyoyozi, umeme alionao unazidi uwezo wa konveta nyingi zinazotoka kiwandani.

Kisanduku kinachoamua

Konveta huwa imefichwa chini ya kabati au nyuma ya paneli ya fyuzi, na watu wengi hawajawahi kuiona. Airstream za miaka ya 1970 zilikuja na kifaa kilichoitwa Univolt, na watengenezaji wengine walikuwa na vya kwao vya namna hiyo: transfoma nzito, inayovuma, yenye kutoa volti karibu zile zile mchana na usiku, kwa kawaida karibu na 13.8. Volti hizo zina kasoro mbili kwa mpigo. Ni chache mno kwa kuijaza haraka betri iliyolala, na ni nyingi mno kwa betri iliyokwisha kujaa na kuachwa imechomekwa kwa miezi. Betri ya maji iliyoachwa hivyo huchemka polepole mpaka pleti zikabaki juu ya maji.

Konveta za kizazi kilichofuata hubadilisha volti kwa awamu. Progressive Dynamics, kampuni ya Marshall, Michigan, iliunda mfumo unaopanda hadi volti 14.4 betri inapokuwa chini, kushuka hadi 13.6 katika matumizi ya kawaida, na kutulia kwenye 13.2 pasipokuwa na matumizi ya maana kwa saa 30. Ikiwa katika hali hiyo ya kutulia, kila baada ya saa 21 hurudi kwenye 14.4 kwa dakika 15, ili asidi ndani ya betri ichanganyike na isitengane kwa tabaka.

Kampuni hiyo hiyo imechapisha jaribio linalosema mengi kwa namba chache. Betri ya ampea-saa 125 ilichajiwa kwa volti tatu tofauti. Kwa 14.4 ilifika asilimia 90 kwa saa 3 hivi, na ikajaa kwa saa 11. Kwa 13.6 ilichukua saa 40 kufika asilimia 90 na saa 78 kujaa. Kwa 13.2 ilihitaji saa 60 kufika asilimia 90 na saa 100 kujaa. Ni jaribio la muuzaji wa bidhaa, lakini mwelekeo wake unaafikiana na kemia ya betri za risasi: tofauti ya volti isiyofika moja ndiyo inayotenganisha usiku mmoja na siku tatu na zaidi.

Hapa ndipo saa nyingi zinapopotelea. Konveta ambayo haiingii kwenye awamu ya 14.4, au inayoingia na kutoka baada ya dakika chache, inaiacha betri kwenye 13.6 usiku kucha. Wakati huo huo friji, taa, pampu ya maji na feni ya hita vinakula kutoka kwenye konveta ile ile. Feni ya hita peke yake huvuta ampea 7 au 8. Kati ya ampea 55 zilizoandikwa kwenye lebo, zinazobaki kwa betri ni pungufu.

Volti inayofia njiani

Hata konveta nzuri inaweza kuhujumiwa na waya. Katika karavani zinazovutwa, betri hukaa mbele kabisa, juu ya chuma cha kuvutia, ilhali konveta iko katikati au nyuma. Tuchukue umbali wa mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10. Waya wa shaba wa milimita 10 za mraba una ukinzani wa takriban miliohmu 1.8 kwa kila mita, jumla miliohmu 18. Ukipitisha ampea 50, karibu volti 0.9 hubaki kwenye waya kama joto.

Matokeo yake yanaonekana kwa mita ya kawaida ya fundi. Weka vidole vya mita kwenye konveta: inasoma 14.4. Sogea mbele, uviweke kwenye vichwa vya betri: inasoma 13.5. Konveta inaamini inatekeleza wajibu wake, lakini betri haijaiona volti iliyokusudiwa. Kadiri ampea zinavyopungua, upotevu nao unapungua, ila kufikia hapo saa za mwanzo, ambazo ndizo zenye mavuno makubwa, zimekwisha kupita. Kuhamishia konveta karibu na betri, au kuweka waya mnene zaidi, kunaweza kuleta faida kuliko kununua konveta yenye ampea nyingi. Vichwa vya betri vyenye kutu nyeupe na nati zilizolegea hula volti kwa njia ile ile, na dawa yake ni brashi ya waya na spana.

Zile taa nne za ukutani zinadanganya kwa sababu hii pia. Zinapima volti tu. Plagi ikishachomekwa, zinasoma volti ya konveta, na dakika chache tu baadaye zote zinawaka. Kipimo cha kweli kwa betri ya risasi iliyopumzishwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika ni volti 12.6 au 12.7 kwa iliyojaa, na takriban 12.1 kwa iliyobaki nusu. Bora zaidi ni kifaa kinachohesabu kila ampea inayoingia na kutoka kwenye betri, au haidromita kwa betri za maji.

Betri inadai muda wake

Tukiiacha konveta na waya, tunabaki na betri yenyewe. Ndani ya betri ya risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kila matumizi huacha salfeti ya risasi juu ya pleti. Kuchaji ni kuirudisha salfeti hiyo ndani ya asidi. Mwanzoni kazi ni nyepesi kwa kuwa salfeti imejaa juu juu. Kufikia asilimia 80 hivi iliyobaki imejificha ndani ya vinyweleo vya pleti, na asidi lazima ipenye taratibu kuifikia. Betri hujaa kama chupa yenye shingo nyembamba: mwanzoni unamimina kwa kasi, lakini karibu na mdomo lazima upunguze mkono. Ukiilazimisha, umeme unaozidi unaacha kuchaji na kuanza kuyavunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni.

Turudi kwenye betri mbili za gofu. Kutoka nusu hadi asilimia 80 zinahitaji ampea-saa 67 hivi. Konveta ikizipa ampea 45 baada ya matumizi ya ndani kuchukua chake, hiyo ni saa moja na nusu. Asilimia 20 ya mwisho, ampea-saa 45 tu, huchukua saa nne hadi sita au zaidi, hata volti zikiwa sahihi. Chaja mara mbili ya ukubwa huo itaokoa dakika 45 mwanzoni na haitabadilisha chochote mwishoni. Isitoshe, kwa betri za aina ya T-105, kampuni ya Trojan inapendekeza karibu volti 14.8 kwa seti ya volti 12 wakati wa kuchaji. Konveta nyingi za karavani hazifiki hapo.

Anayeishia asilimia 85 safari baada ya safari halipi gharama hiyo papo hapo. Salfeti iliyobaki hugeuka kuwa ukoko mgumu usioyeyuka tena, na uwezo wa betri hupungua mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana betri nyingi za karavani hufa mapema ilhali wenyewe wanaapa kwamba walizichaji kila wiki. Kanuni hii inamgusa pia aliyefunga inveta na betri za maji nyumbani Mwanza au Eldoret kwa ajili ya saa za umeme kukatika: umeme ukirudi kwa saa tatu tu kisha ukakatika tena, betri hazifiki juu, na baada ya muda zinaanza kulala mapema.

Lithiamu inahamisha kikwazo

Mwaka 1997 timu ya John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ilichapisha utafiti juu ya fosfeti ya chuma kama malighafi ya betri za lithiamu. Goodenough alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, kwa mchango wao katika betri za lithiamu. Betri za fosfeti ya chuma ndizo zilizoingia kwa wingi kwenye karavani, na zimebadilisha jibu la swali letu.

Betri hizi hupokea ampea nyingi karibu mpaka mwisho. Seti ya ampea-saa 400 iliyotumika kwa asilimia 80 inahitaji ampea-saa 320. Chaja ya ampea 100 inaimaliza kwa saa tatu na kitu. Konveta ya ampea 55 kwa saa sita au saba. Ule mkia mrefu wa betri ya risasi haupo. Pia haziharibiki kwa kukaa nusu, na kwa maegesho ya muda mrefu watengenezaji wengi hupendelea zikae karibu na nusu kuliko kukaa zimejaa kabisa.

Zina masharti yake. Nyingi huchajiwa kwa volti kati ya 14.2 na 14.6, kwa hiyo konveta iliyotengenezwa kwa ajili ya betri za risasi inaweza kuziacha chini kidogo ya kujaa. Kwa kuwa hazipunguzi mapokezi, konveta ndogo hulazimika kufanya kazi kwa nguvu zake zote saa nyingi mfululizo, jambo ambalo betri za risasi hazikuwahi kuidai, na iliyobanwa ndani ya kabati lisilo na hewa hupata joto kali. Kisha kuna baridi. Selu za fosfeti ya chuma hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na kidhibiti kilichomo ndani ya betri hufunga mlango wa kuchaji kinapohisi hivyo. Mtu anaweza kulala Colorado mwezi wa Novemba, kebo imechomekwa, konveta nzima, na asubuhi akakuta hakuna ampea hata moja iliyoingia. Anayekwenda nchi za baridi atafute betri zenye hita ya ndani, au aziweke mahali penye joto la chumba.

Nguzo moja, midomo mingi

Kwa lithiamu, kwa mara ya kwanza chaja inakuwa mzigo wa kuhesabiwa. Kiyoyozi kimoja huvuta ampea 13 hivi. Hita ya maji ya wati 1,440 huvuta 12. Chaja ya ampea 100 inaongeza 14. Jumla ni 39 kwenye soketi ya 30, na breka inaanguka. Hata bila hita ya maji, kiyoyozi na chaja vinafika 27, ilhali desturi ya mafundi wa Marekani kwa mzigo wa kudumu ni kutopita asilimia 80 ya breka, yaani 24. Suluhisho lipo: inveta zenye chaja ndani, kama MultiPlus ya Victron, humruhusu mwenye nazo kuweka kikomo cha ampea zinazovutwa kwenye nguzo. Kiyoyozi kikiwaka, chaja inajipunguza yenyewe. Kikizima, inarudi juu.

Tatizo kubwa zaidi liko upande wa kambi. Kanuni za umeme za Marekani zinamruhusu mbunifu wa kambi yenye viwanja 36 au zaidi kukadiria kwamba ni asilimia 41 tu ya mzigo wote itakayotumika kwa wakati mmoja. Kwa miongo mingi makadirio hayo yalifaa. Saa tisa alasiri ya mwezi wa Julai huko Arizona, kila kiyoyozi kinaponguruma na magari ya umeme yakiwa yamechomekwa kwenye soketi za ampea 50, volti kwenye nguzo za mwisho wa mstari hushuka. Gari moja la umeme linaweza kuvuta ampea 32 kwa volti 240, karibu kilowati 7.7, kwa saa nyingi. Chaja ya betri za karavani, hata ile kubwa, ni wati 1,650. Lawama za kuelemea kambi haziiangukii zaidi chaja hiyo, lakini adabu ya kuichelewesha mpaka usiku wa manane, viyoyozi vinapopumzika, inawanufaisha wote na haimgharimu mtu kitu, maana lithiamu ikianza saa sita usiku bado hujaa kabla ya kifungua kinywa.

Volti ndogo huumiza mota ya kiyoyozi kuliko konveta. Vifaa vya ulinzi vinavyochomekwa kati ya nguzo na kebo, kama vya Progressive Industries, hukata umeme ukishuka chini ya volti 104 au ukipanda juu ya 132.

Makosa ya waya na usalama wa watu

Kosa la hatari kuliko yote hufanywa na mafundi wa majumbani wanaofunga soketi ya karavani uani kwa mteja. Wakisikia ampea 30, hukumbuka soketi ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni ya volti 240, na kuifunga hivyo. Soketi ya karavani ya ampea 30 ni ya volti 120. Plagi ikiingia, konveta, maikrowevu na friji huungua kwa sekunde.

Kwenye soketi za ampea 50, waya wa nyutro ukikatika, zile laivu mbili hugawana volti 240 kulingana na mzigo: upande mmoja unaweza kubaki na 70, mwingine ukapanda hadi 170. Na erthi ikikosekana huku kifaa kimoja kikivujisha, mwili mzima wa karavani hubeba umeme. Mtoto anayetembea peku kwenye majani yenye umande na kushika ngazi ya chuma ndiye anayeumia.

Utaratibu unaozuia yote haya ni mfupi. Breka ya nguzo ikiwa imezimwa, kagua soketi: iliyobadilika rangi au iliyolegea hushika moto kwenye mguso, na hapo ni kuomba kiwanja kingine. Washa, pima: laivu na nyutro 120, laivu na erthi 120, nyutro na erthi karibu na sifuri. Zima, chomeka, kisha washa. Baada ya nusu saa ya mzigo, gusa mwili wa plagi. Ikiwa ya moto, punguza matumizi na utafute kosa. Betri za maji nazo zinahitaji kisanduku chenye tundu la kutolea hewa, kwa sababu hidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa.

Pesa iende wapi kwanza

Kwa mwenye betri za risasi, ununuzi wa kwanza ni mita na ukaguzi wa waya, kabla ya konveta yenye namba kubwa. Wa pili ni konveta inayofika na kubaki kwenye volti zinazotakiwa na betri husika. Wa tatu, ambao wengi hawaufikirii, ni paneli ya sola ya wati 200. Paneli hiyo haifui dafu mbele ya nguzo kwa wingi wa ampea: jua kali likiwaka hutoa kama ampea 10 au 12. Lakini asilimia 15 au 20 za mwisho hazihitaji ampea nyingi. Zinahitaji saa nyingi za volti sahihi, na jua la mchana linazo. Nguzo inabeba sehemu ya kwanza usiku, jua linamalizia karavani ikiwa barabarani au imeegeshwa porini. Mgawanyo huo unazifaa betri za risasi kuliko kulipia usiku wa pili kambini.

Kwa mwenye lithiamu, chaja ndiyo inayostahili pesa, ikiwa na kikomo cha ampea kinachorekebishika; sola kwake ni akiba ya siku za porini. Kwa anayefungia karavani majira ya baridi huko Minnesota, betri ya risasi iliyojaa huvumilia zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, ilhali iliyolala huganda kwenye nyuzi 8 hivi chini ya sifuri na kupasuka, kwa hiyo konveta ya awamu tatu iliyochomekwa, pamoja na kukagua maji kila mwezi, inafaa. Lithiamu ni bora ikatwe kabisa ikiwa karibu na nusu.

Na wenye kambi wana sehemu yao. Badala ya kung'oa nguzo za ampea 30 na kuweka za 50 kwa matumaini kwamba wageni watachaji haraka zaidi, wangeanza na kebo zilizozikwa chini na transfoma zinazoshindwa kushikilia volti 120 alasiri, na wangeyatengea magari ya umeme soketi zake zenye mita, ili mgeni mwenye karavani ndogo mwisho wa mstari apate volti alizolipia.